Kikombe cha Dirishani

Sura ya Sita

Faili la Wiard Poppinga lilikuwa limebakiza sahihi moja tu. Okka Habben aliingia nalo getini saa tatu na nusu asubuhi, amelibana kwapani chini ya koti la mvua, na kabla hajafika mlangoni simu ya mwendesha mashtaka ilikuwa imelia mara mbili. Alilitaka faili mezani kwake kabla ya saa sita mchana. Likifika na sahihi, Wiard angeshtakiwa kwa kuhujumu mtambo. Angepoteza kazi aliyoifanya kwa miaka kumi na mmoja, na mtu mwenye shtaka la namna hiyo hapewi tena hata ufunguo wa stoo popote penye gesi.

"Amekiri, mkuu," alisema Levent Aksu akiruka dimbwi. Alikuwa na miaka hamsini na miwili, mpelelezi mzuri, aliyehamia kutoka Hannover mwezi wa nane. "Mtu akikiri tunamshukuru, tunakwenda zetu kunywa kahawa."

"Miezi mitatu uko Ostfriesland, kwa watu wa chai, na bado unataja kahawa mbele za watu."

"Na chai naikoroga."

"Hilo usiliseme kwa sauti."

Mambo yaliyojulikana yalikuwa machache, na yote yalimwelekea mtu mmoja. Jumanne, saa tisa na dakika ishirini na mbili alasiri, kadi ya Wiard ilifungua lango la ua wa haidrojeni. Dakika mbili baadaye mtu alibonyeza kitufe cha dharura, king'ora kikalia, na mtambo wote wa Süderhörn ukazimika. Nyuma ya banda la kompresa polisi waliokota ufagio wa vijiti ulioungua kichwa. Na wiki moja kabla ya hapo, mbele ya watu sita, Wiard alikuwa amemwambia meneja wake kwamba siku moja angezima kila kitu amwone ataita nani. Sasa ilikuwa Alhamisi. Malori ya maziwa na mabasi ya shule ya vijiji vitatu, yote yanayotumia gesi ya hapo, yalikuwa bado yamesimama.

Meneja aliwapokea ofisini akiwa na kikombe cha kahawa mkononi. Dakta Veronika Aigner alikuwa mwanamke mrefu wa Bavaria, na macho yake yalionyesha kwamba hajalala vizuri.

"Sikupenda iwe Wiard," alisema. "Anabishana nami kila siku, lakini hakuna anayeyajua mabomba haya kama yeye."

"Nieleze mabomba yenyewe. Kwa ufupi."

"Vinu vya upepo vile pale vinatupa umeme. Umeme unayapasua maji, tunapata haidrojeni. Haidrojeni tunaiunganisha na hewa ya ukaa inayotoka kwenye samadi ya ng'ombe wa wenyeji, tunapata methani. Methani inakwenda kwenye malori."

"Kwa hiyo ng'ombe anatoa maziwa," alisema Levent, "halafu mavi yake yanayabeba mpaka mjini."

Kwa mara ya kwanza Aigner alitabasamu. "Wiard huwaeleza wageni hivyo hivyo. Nilimkataza."

"Kitufe kilibonyezwa kipi?" aliuliza Okka. "Picha zinaonyesha vinne."

"Namba tatu. Cha uani, kwenye nguzo karibu na mabomba ya haidrojeni."

"Umemwambia mtu?"

"Nyinyi tu. Mlinikataza kusema."

Okka aliandika namba tatu kwenye kijitabu chake, akaizungushia duara.

Wiard alikuwa akiwangoja koridoni. Alikuwa mtu mnene wa miaka arobaini na mitano mwenye mikono mikubwa, na alikuwa amevaa nguo za nyumbani kwa sababu zile za kazi alishanyang'anywa.

"Moin," alisalimia.

"Moin, Bwana Poppinga. Leo hatuna maswali mengi. Tunataka utuonyeshe tu. Ulikuwa wapi, ukapita wapi, ukafanya nini."

"Nimeshasema."

"Umesema kwa mdomo. Leo sema kwa miguu."

Akawatangulia. Walianzia chumba cha chai, penye meza ndefu, birika, na kulabu za makoti mlangoni. Wiard alieleza kwamba saa tisa walikaa kunywa chai kama kawaida, yeye na Insa wa chumba cha mitambo. Baadaye akanyanyuka, akachukua kadi yake kwenye koti lililoning'inia kwenye kulabu, akatoka. Alipita koridoni, akafungua lango la ua, akasimama.

"Kisha?"

"Kisha nikabonyeza."

"Kipi?"

Wiard alitazama kushoto, kisha kulia. Akanyoosha kidole kwenye sanduku jekundu ukutani, pale pale langoni. Lilikuwa na namba moja.

"Hicho."

Levent alifungua mdomo. Okka akamtazama, naye akaufunga.

"Na ufagio uliuchukua wapi?"

"Ufagio gani?"

"Uliouchoma."

"Aa." Wiard alijikuna shingo. "Huo. Stoo."

"Uliuchoma kwa nini?"

"Hasira, afande. Mtu akiwa na hasira anachoma chochote. Tia sahihi yako basi, twende nyumbani."

"Una haraka ya kushtakiwa kuliko mwendesha mashtaka," alisema Levent.

"Nina haraka ya kumaliza."

Walirudi ndani. Mvua nyepesi ilikuwa imeanza, ile ya mwezi wa Novemba isiyopiga kelele wala kuisha. Okka alikaa kwenye meza ya chai, akatoa picha zilizopigwa na wataalamu kutoka Hannover saa moja baada ya king'ora. Alizipanga moja moja mpaka ya kumi na nne, akaisukuma kwa Levent.

"Unaona nini?"

"Meza. Birika. Bakuli la sukari. Vikombe vitatu."

"Vitatu. Watu wawili."

"Cha tatu ni cha meneja," alisema Wiard upesi. "Alipita."

Okka alinyanyua sauti bila kugeuka. "Dakta Aigner! Jumanne ulikunywa chai hapa?"

"Chai?" Sauti ilitoka ofisini kana kwamba imetukanwa. "Mimi?"

Levent alicheka. Wiard hakucheka.

"Sasa itazame tena, Levent. Tazama vijiko."

Levent aliinama. Vikombe viwili vya upande wa mlango vilikuwa vitupu, na kila kimoja kilikuwa na kijiko ndani yake. Cha tatu, kilichokuwa upande wa dirisha, kilikuwa kimejaa chai mpaka karibu na ukingo, na wingu la krimu lilikuwa bado juu yake. Kijiko chake kililala kwenye kisahani.

"Wataalamu wa Hannover waliandika 'vyombo vichafu'," alisema Okka. "Wanakoroga kwa kijiko, kama wewe. Hapa kijiko hakikorogi kitu. Ukishiba unakitia kikombeni, na mwenye birika haongezi tena. Mpaka ukitie, utamiminiwa. Wawili hawa walikuwa wamemaliza. Wa tatu alimiminiwa, hakunywa hata tone, akaondoka."

"Ghafla," alisema Levent.

"Ghafla. Hakuna mtu wa hapa anayeiacha chai hivyo. Labda nyumba iwe inaungua."

Alihamia kwenye kiti cha dirishani. Kilikuwa kiti cha mbao chenye mto mwekundu wa kushonwa kwa mkono. Alipoinua macho aliuona ua wote wa haidrojeni: mabomba, nguzo yenye kitufe namba tatu, na reli mpya ya njano.

"Anakaa nani hapa, Bwana Poppinga?"

"Wageni."

"Wageni wana mto wao?"

Wiard alikuwa amegeukia ukuta. Masikio yake yalikuwa mekundu.

"Wewe na Insa mlishona hadithi moja, nadhani," alisema Okka taratibu. "Ulikiri kabla hatujakuuliza mara ya pili. Hujui alibonyeza wapi, hujui alichoma nini. Unajua tu ni nani."

"Afande, nakuomba. Mimi nina mikono, nitapata kazi kwingine. Watu wengine wakiaibishwa hawainuki tena."

"Saa nne kasoro dakika tano," alisema Levent.

Okka alisimama. "Twende uani. Wote. Na meneja."

Walivaa kofia ngumu, wakaacha simu zao kwenye kisanduku cha mlangoni. Mabomba ya haidrojeni yalipita kwa urefu wa kifua, na pembeni yake ilikwenda reli ya kushikilia iliyopakwa rangi siku ya Jumatatu. Okka aliifuata polepole, akiisugua kwa kidole gumba. Rangi ilikuwa laini, inang'aa, mpya. Hatua nne kabla ya nguzo ya kitufe, kidole kilikwama.

Kwa urefu wa shubiri moja, rangi ya njano ilikuwa imevimba malengelenge na kugeuka kahawia. Juu na chini yake ilikuwa nzima.

"Hii ilikuwa hivi Jumatatu?"

Aigner aliinama, akavua miwani, akaifuta mvua, akaivaa tena. "Hapana. Niliikagua mwenyewe."

Mkabala na malengelenge hayo palikuwa na kiungio ambapo mabomba mawili yalikutana kwa boliti nane.

"Kama hapa kungekuwa na moto, mtambo ungejuaje?"

"Kuna kihisio cha moto. Kile kule juu. Kingepiga king'ora na kuzima kila kitu ndani ya sekunde…"

Levent alikuwa ameshapanda ngazi ya chuma. Juu ya kihisio alishika kitu kilichokuwa kikipeperuka kidogo: mfuko wa plastiki usio na rangi, uliofungwa kwa utepe wa mafundi, wenye matone ya njano.

"Mafundi wa rangi," alisema kutoka juu. "Walikifunika kisichafuke. Wakasahau kukifunua."

Aigner alishika reli. "Lakini hakuna aliyeona moto. Insa alikuwa amesharudi kwenye kamera zake. Wiard alikuja hapa baada ya king'ora. Hakuna aliyeona kitu."

"Wewe ndiye mtaalamu," alisema Okka. "Haidrojeni ikiungua mchana, inaonekanaje?"

Aigner alitazama tena rangi iliyovimba.

"Haionekani," alisema Aigner. "Mwali wake hauna rangi, hauna moshi. Unaweza kuuingia kwa miguu yako."

"Na mtu asiye na kihisio angeutafutaje?"

"Hatufundishi watu kuutafuta. Zamani, kwenye viwanda vya kemikali, walikuwa wanatembea na…" Alimtazama Okka. "Na ufagio. Unaunyoosha mbele yako, unakwenda hatua kwa hatua. Ukishika moto hewani, umeujua ulipo."

Nyuma yao Wiard alikuwa ameketi kwenye ngazi, mvua ikimnyeshea.

"Alisema moto," alisema. "Mungu wangu. Alinishika mkono, akasema, 'Moto, Wiard, moto.' Nikatazama. Nikamwambia, 'Moto uko wapi, mzee?' Nikadhani akili imeanza kumtoka. Nikamtoa kwa lango la nyuma, nikamwambia nenda nyumbani, usimwambie mtu."

"Nani, Wiard?" aliuliza Aigner kwa upole.

"Harm. Harm Saathoff."

Aigner alifumba macho. Okka alilijua jina hilo. Lilikuwa kwenye ukurasa wa tisa wa faili, mstari mmoja: fundi wa kwanza wa mtambo, mstaafu, miaka sabini na tisa. Majira ya baridi yaliyopita alipelekewa barua ya kumkataza kuingia, kwa sababu cheti chake cha usalama kilikuwa kimekwisha muda. Barua ilisainiwa na V. Aigner.

"Mkewe alifariki mwezi wa tatu," alisema Wiard. "Nyumba ile haina hata redio. Nikasema, chai ya saa tisa tu, akae dirishani aone mabomba yake. Insa akamshonea mto. Tungekwambia, bosi, ungesema sheria."

"Ningesema sheria," alikubali Aigner.

"Na kadi yako?" aliuliza Levent.

"Koti liko mlangoni. Alijichukulia."

Okka alivua glavu. "Dakta, gesi iliyokuwa ikivuja kwenye kiungio hiki Jumanne, ingefanya nini kama kitufe kisingebonyezwa?"

Aigner alitazama bomba, kisha tangi kubwa hatua kumi nyuma yake, kisha dirisha la chumba cha chai, ambako Insa alikuwa amesimama akiwatazama.

"Moto ungepika kiungio cha pili," alisema. "Baada ya hapo sitaki kusema. Na Jumatatu ijayo tungewasha mtambo tena, tukiamini tumeshampata mhalifu, mfuko ukiwa bado pale juu."

Okka alimpigia mwendesha mashtaka akiwa ndani ya gari. Mazungumzo yalichukua dakika moja. "Hapana, sileti sahihi," alisema. "Naleta mfuko wa plastiki."

Saa tano kamili walikuwa mlangoni kwa Harm Saathoff. Ndiyo saa ambayo kila nyumba ya kule ina birika motoni, na yake pia ilikuwa nalo. Mzee alifungua mwenyewe: mwembamba, amenyooka, suruali ya kamba za mabegani, mkono wa kulia umezungushiwa bandeji iliyofungwa vibaya na mtu wa mkono mmoja. Aliwatazama wanne mlangoni pake, na macho yake yakatua kwa Aigner.

"Nilijua mtakuja," alisema. "Ingieni. Chai iko tayari. Nitavaa koti langu baadaye."

"Hakuna koti la kuvaa, mzee," alisema Okka.

"Niliuzima mtambo. Wakulima wamekwama na maziwa, watoto wanapelekwa shule kwa trekta. Nimewaona wakipita hapa. Nimeshamwambia binti yangu anitafutie nafasi kwenye nyumba ya wazee. Mtu anayeona moto usiokuwepo asikae karibu na majiko."

Alisema haya yote huku akitoa vikombe kabatini kwa mkono wa kushoto, kimoja kimoja. Wiard alisogea kumsaidia. Mzee akamsukuma kwa kiwiko.

"Kwani wewe una kiherehere cha nini? Kaa."

"Ulikuwa unaona nini pale dirishani?" aliuliza Okka.

Harm alitia donge la sukari katika kila kikombe. Chai ilipomiminwa juu yake, madonge yalilia na kupasuka. Kisha akadondosha krimu pembeni, bila kukoroga.

"Mvua," alisema. "Ilikuwa inanyesha kama leo. Reli yote ilikuwa imelowa, isipokuwa kipande kimoja. Kipande kikavu, kiasi hiki. Na juu yake hewa inatetemeka. Miaka thelathini nilifanya kazi na gesi ile kule pwani. Nikachukua ufagio." Alimsogezea Okka kikombe cha kwanza. "Ulishika moto. Au nilidhani ulishika. Wiard alipofika akatazama, hakukuwa na kitu. Basi."

"Gesi ilikuwa imeshakatika," alisema Aigner. "Ulishabonyeza. Moto ulikuwa umekufa, Bwana Saathoff."

Okka alitoa bahasha, akaweka mezani kipande cha rangi ya njano chenye malengelenge, kikubwa kama ukucha. Kando yake akaweka mfuko wa plastiki wenye matone.

Mzee alikichukua kile kipande. Alikigeuza, akakipeleka dirishani penye mwanga, akakinusa. Alikaa nacho pale muda mrefu, amewapa mgongo, na Wiard, mtu mzima mnene, akaanza kufuta pua kwa mkono wa shati.

"Kwa hiyo ulikuwepo," alisema Harm.

"Ulikuwepo. Kihisio kilikuwa kimefungwa macho. Ulibaki wewe tu."

"Nisamehe, mzee," alisema Wiard. "Nilikuficha kama mtu mwenye wazimu."

"Ulikwenda kukiri kwa ajili yangu?" Harm aligeuka. "Nimesikia leo asubuhi kutoka kwa muuza maziwa. Pumbavu mkubwa we. Nilikufundisha kufunga boliti, sikukufundisha kudanganya polisi."

"Ndiyo maana alidanganya vibaya," alisema Levent.

Mzee alicheka kwanza, wengine wakafuata. Alipokaa, Aigner alikuwa bado amesimama, mikono ameishika mbele kama mtu aliyeitwa na mwalimu.

"Mimi ndiye niliyesaini ile barua," alisema. "Na mimi ndiye niliyepaswa kupanda kuangalia kihisio baada ya mafundi. Watu saba walikuwa kazini Jumanne. Wote saba walirudi nyumbani kwao jioni ile. Sijui niseme nini zaidi ya asante. Asante, Bwana Saathoff. Cheti chako nitakishughulikia mwenyewe. Na watu wangu wote watajifunza kusoma mvua kwenye reli, wewe ukiwa mwalimu."

"Kiti kina mto," alisema Wiard. "Kinakungoja."

Harm aliweka kipande cha rangi kwenye mfuko wa shati lake, na Okka, ambaye kwa utaratibu alipaswa kukirudisha bahashani, aliona, akakiacha, akafungua faili na kuanza kuandika maelezo. Uani kulikuwa bado na reli nzima ya ushahidi.

"Asante nyinyi," alisema mzee. "Mmenirudishia macho yangu."

Akanyanyua birika. Alimmiminia kila mtu kikombe cha pili, kisha cha tatu. Okka alitia kijiko chake kikombeni. Wiard akatia chake. Levent alikishika kijiko, akakitazama, akakumbuka, akakitia bila kukoroga, na Okka akampa heshima kwa kichwa. Aigner hakujua. Alimiminiwa cha nne, akakinywa kwa ushujaa. Alimiminiwa cha tano.

"Jamani," alinong'ona, "hii inaishaje?"

Wakamwonyesha.

Kilibaki kikombe kimoja mezani ambacho kijiko chake kilikuwa bado kimelala kwenye kisahani. Okka alilichukua birika, akasita juu yake.

"Umetosheka, mzee?"

Harm Saathoff alitazama nje, kule ambako juu ya paa za mazizi vinu vya upepo vilikuwa vinazunguka.

"Bado," alisema, akasogeza kikombe.